Herufi Chini ya Dashibodi

Kwa miaka ishirini na mbili Wahid alikuwa akihamisha usukani wa magari ya Mjapani, na kwa miaka hiyo hiyo alikuwa akimtukana Mkorea. Usidhani ulikuwa ugomvi wa mtu na mtu. Mjapani hutengeneza gari la usukani wa kulia, kwa kuwa ndivyo wanavyoendesha kwao. Gari hilo likishatumika linauzwa, linapanda meli, linashushwa Dubai. Sasa kuna nchi tele, Kongo mojawapo, zisizo na haja na usukani wa kulia, na hapo ndipo alipoingia Wahid, mtu wa Majengo, Mombasa. Alilipasua gari kifuani, akatoa dashibodi nzima na nyaya zake na pedali zake, akavipanda vyote upande wa kushoto. Akimaliza, huwezi kujua kama gari lilizaliwa vingine. Yadi yao ya Ras Al Khor, huko huko Dubai, ilikuwa na mafundi kumi na mmoja wa kazi hiyo, na hakuna aliyemfikia.

Mkorea naye kwao wanaendesha upande ule mwingine. Gari lake linatoka kiwandani usukani uko kushoto tayari. Halihitaji nyundo, halihitaji kuchomelewa, halimhitaji Wahid. Zamani hilo halikuwa neno, maana gari la Mkorea lilikuwa halina wa kulitazama mara mbili, na Wahid alikuwa akilipiga kofi mlangoni na kusema ni bati la sufuria, watu wakacheka. Lakini Mkorea hakukaa kuchekwa. Alirudi na injini ya maana, viti vya maana, dhamana ya miaka mpaka ukaona aibu kuikataa, na bei ya kumtoa mtu kwenye Toyota yake huku akijilaumu. Kufumba na kufumbua, Hyundai na Kia zikajaa Barabara ya Sheikh Zayed, za familia, za makampuni, za kila mtu. Kisha nazo zikaanza kuuzwa mitumba, na balaa likamfikia Wahid mlangoni. Wanunuzi wa Kongo, waliozoea kungoja siku tano usukani uhamishwe, wakaona kumbe wanaweza kulipa asubuhi na kupakia mchana.

Mafundi kumi na mmoja wakawa saba, wakawa wanne, kisha akabaki Wahid peke yake na spana zake.

Wenzake walipotimuliwa walinuna, wakafunga mabegi, wakapanda ndege. Wahid hakuwa na njia hiyo. Mkewe, Rukiya, figo zake zilikuwa zimekufa mwaka wa tatu sasa, na mara tatu kwa wiki alilazwa kwenye kiti cha kliniki moja ya Oud Metha, damu yake inatolewa, inasafishwa, inarudishwa. Kilichomlaza pale ni kadi ya bima. Kadi ilishikana na viza ya Rukiya, viza ya Rukiya ilishikana na ya mumewe, na ya mumewe ilikuwa mkononi mwa arbab, bosi mwenye yadi. Kazi ikikatika, mwezi hauishi, kadi imekufa. Huko Mombasa hawakuwa na bima wala kiwanja cha kuuza. Kwa hiyo Wahid alipoyaona magari ya Kikorea yakiingia getini, hakuona magari. Aliona mtu anakuja kumchomoa mkewe mirija.

Sasa nikwambie jambo lililomfanya Wahid awe Wahid. Kila gari alilolihamisha, kabla halijatoka, alilipanda mwenyewe, akalizungusha yadi nzima, akifika pale panaponyooka kando ya ukuta anaachia usukani. Mikono juu ya mapaja, kama mtu aliye msikitini. Gari likienda sawa bila kuyumba, anashuka, anajipenyeza chini ya dashibodi na msumari, anachora herufi moja: W. Likiyumba hata upana wa kidole, analifungua upya. Wanunuzi walilijua hilo. Mtu anatoka Lubumbashi, badala ya kufungua boneti anainama kwanza kutafuta ile herufi.

Na hakuna aliyeiamini kumshinda Zadock. Huyu alikuwa kijana wa Bungoma, mpana, mcheshi, mlokole wa kanisa linalosali Ijumaa, siku ya mapumziko ya huko. Kazi yake ilikuwa kuyapandisha magari juu ya trela la kwenda bandarini Jebel Ali. Ni kazi ya roho mkononi. Gari linapanda vyuma viwili vyembamba mpaka ghorofa ya juu ya trela, na huko juu hakuna ukuta, kuna hewa tu. Zadock alikuwa akiinama, anaigusa ile W kwa kidole, anasema, "Mzee ameshaweka sahihi," halafu anapanda huku akiimba pambio. Gari lililohamishwa usukani likiwa halina herufi halipandishi, hata umfokee. Chumba chake kilikuwa Karama, jengo moja na Wahid, na Rukiya akipika pilau lazima amtengee sahani. Mke wa Zadock, Caren, alikuwa Bungoma na watoto wawili, na kwenye simu alimwita Wahid shemeji ingawa hawakuwahi kuonana.

Arbab hakuwa mtu mbaya, tusimzulie. Alimwita Wahid ofisini, akamwagizia chai, akamwambia mwisho wa mwezi yadi inageuka kuwa ya Kikorea tupu, kazi ya usukani khalas, imekwisha. Wahid akamwomba, akataja jina la Rukiya, akaona haya kulitaja. Arbab akafikiri, akasema kuna nafasi moja. Robinah, Mganda mnunuzi wa miaka mingi, alikuwa amefika na kupanga hoteli Al Barsha. Mteja wake wa Lubumbashi bado alikuwa wa kizamani na hataki kusikia habari za Mkorea. Robinah alitaka magari sita ya Mjapani katika siku kumi, kila moja na W yake. Akiridhika, nyuma yake yanakuja thelathini. Thelathini yakija, Wahid anabaki.

Siku kumi kwa magari sita, kwa mtu mmoja! Wahid alikubali kabla chai haijapoa.

Akafanya kazi kama punda wa kinu. Matano yakaenda vizuri, akayajaribu, akayatia herufi. La sita likamgomea. Ili uhamishe usukani kwa haki unahitaji reki ya kushoto, yaani kile chuma cha chini kinachopokea mzunguko wa usukani na kuyageuza magurudumu. Kwa kawaida aliipata kwa wauza vipuri wa Sharjah. Safari hii akazunguka duka kwa duka, kila mmoja akamwambia vipuri hivyo hawaweki tena, siku hizi watu wanaulizia vya Kikorea. Hata katika kumkimbia Mkorea alimkuta ameshafika.

Ikabaki njia moja, ile ambayo mwenyewe aliwahi kumfukuzia fundi mwenziwe. Ukiacha reki ya kulia mahali pake, unaweza kuunga chuma kirefu kutoka usukani wa kushoto, ukichomelee katikati. Chuma kinashika. Kinashika mpaka siku kitakapokataa, na hakitoi taarifa. Wahid alichomelea siku ya tisa alasiri, akajiambia kesho asubuhi atalijaribu mara tatu, na likiyumba atasema ukweli.

Asubuhi ya kumi ilikuwa zamu ya Rukiya ya mashine. Alimpeleka, akataka kumwacha na kukimbia yadi, lakini saa tatu presha ya Rukiya ikaporomoka, uso ukawa wa majivu, manesi wakamzunguka. Wahid akamshika mkono. Rukiya aliukaza mkono ule kama mtoto anayevushwa barabara, na mumewe hakuthubutu kuutoa mpaka uso ulipopata rangi, saa nne na nusu. Alipofika yadi trela linanguruma, magari manne yako juu tayari, la tano linapanda. Dereva wa trela anapiga honi, arbab anaonyesha saa yake, yalla, yalla, meli haingoji.

Wahid akaingia ndani ya gari la sita. Kulizungusha yadi ilikuwa dakika kumi. Alishika msumari. Alijiambia ni gari moja tu, ni mwendo wa kupanda trela na kushuka meli, na Robinah akija yadi atamweleza, mteja abadilishe chuma huko huko. Alijiambia mengi, mtu akitaka kujidanganya hakosi maneno. Akachora W, akatoka, akasimama kivulini.

Zadock akaja akipangusa jasho. Akainama, akaigusa herufi.

"Mzee ameshaweka sahihi," akasema, akapanda.

Wahid angeweza kuita. Ndugu yangu, mdomo alikuwa nao. Aliliangalia gari likipanda, magurudumu ya mbele yakafika juu, Zadock akakata kidogo kushoto alinyooshe. Usukani ukazunguka. Magurudumu hayakugeuka. Mlio wenyewe ulikuwa mdogo, tak, kisha gari zima likateleza ukingoni, likabiringika na kushuka kwa paa. Walipomtoa Zadock alikuwa bado anapumua. Hakufika hospitali.

Mchana ule alikuja mpelelezi na mkalimani, watu wapole, wakapiga picha. Chuma cha usukani kilikuwa kimekatika, lakini chini ya gari lile hakikuwapo kisichokatika. Swali likawa moja: kilikatika kabla ya kuanguka au kwa kuanguka? Kabla hawajamwita Wahid, arbab alimsogelea akiwa anatazama viatu vyake mwenyewe. Alimwambia kwa sauti ya chini kwamba usukani ukiwa mbovu, yadi inafungwa leo hii, na wote wawili wanakwenda ndani. Hakumtishia. Alikuwa anamwomba.

Mkalimani aliuliza ile herufi ni ya nani na maana yake nini. Wahid akasema ni yake, na maana yake ni kwamba gari limejaribiwa, limeachiwa usukani, limekwenda sawa. Wakamuuliza alilijaribu lini. Alilijaribu leo, akasema, saa tatu asubuhi. Wakaandika. Arbab alikuwa amesimama pale na alijua saa tatu Wahid hakuwa yadi. Basi ikaandikwa kwamba dereva, Zadock, alikata kona vibaya, na kwa kuwa kosa lilikuwa la dereva, Caren hakustahili fidia yoyote. Aliletewa sanduku lenye mwili na karatasi ya kuweka sahihi.

Robinah alifuta oda. Yale thelathini hayakuja, wala hayatakuja. Mwezi haukuisha yadi ikajaa magari ya Kikorea, safu kwa safu, meupe na ya fedha, kila usukani mahali ulipowekwa na kiwanda. Wahid hakufukuzwa. Wewe unajua kwa nini, na arbab alijua. Alipewa kitambaa na kazi ya kufuta vumbi, kupima betri na kubandua plastiki za viti. Viza ikahuishwa. Kadi ya bima ikaja mpya, ina picha ya Rukiya anayetabasamu kidogo. Na wanunuzi walipokuja walifungua boneti, wakalipa, wakaondoka. Hakuna aliyeinama.

Caren alipiga simu wiki ya sita, asubuhi, Wahid akiwa ameketi kando ya kiti cha Rukiya kliniki. Angeikata, lakini Rukiya aliliona jina kwenye kioo akamwambia apokee, mjane wa watu huyo. Akapokea. Chumba kile ni kidogo, na sauti ya Caren ilisikika yote.

Alimsalimia, akamuuliza hali ya dada Rukiya, akasema anamwombea. Halafu akasema watu wa ukoo wa marehemu wanamnyooshea kidole Zadock kaburini, wanasema labda alikuwa ameanza kunywa huko ughaibuni. Yeye haamini. Zadock alimwambia siku zote kwamba hapandishi gari ambalo shemeji hajalitia alama.

"Kwa hiyo nakuuliza wewe, shemeji," Caren akasema. "Hao wengine wana karatasi. Wewe nitakuamini kwa mdomo tu. Gari lilikuwa zima?"

Wahid alitazama mirija miwili inayoingia mkononi mwa Rukiya, mmoja unatoa, mmoja unarudisha.

"Lilikuwa zima, shemeji. Nililijaribu mwenyewe siku ile ile, saa tatu asubuhi."

Caren akasema asante, basi Zadock alikosea mwenyewe, Mungu amsamehe, na yeye atajua la kuwaambia watoto. Akamtakia siku njema. Simu ikakatika.

Wahid aliiweka simu mfukoni, akaipapasa mara mbili kama mtu anayehakikisha imo. Alipoinua uso, Rukiya alikuwa anamtazama. Hakuwa amekasirika. Ingekuwa heri angekasirika.

"Saa tatu siku ile ulikuwa hapa," akasema polepole. "Ulikuwa umenishika mkono."

Wahid akanyoosha mkono kuushika ule wa mkewe, na Rukiya akauondoa taratibu, kwa uangalifu, asije akachomoa mirija. Akageuza uso upande wa ukuta. Mashine ilikuwa bado imebakiza saa mbili, na wa kumrudisha Karama alikuwa ni huyo huyo mumewe, kwa hiyo Wahid akaketi pale pale akangoja.