Kina cha Mitini ya Simi-Simi

Mche wa mtini haupandwi kwa kukisia. Amuri, mtunza bustani wa mji wa Kisangani kwa miaka ishirini na miwili, alipima shimo kwa mkono wake wa kuume. Alilala kifudifudi, akauingiza mpaka kiwiko kikawa sawa na ardhi, na vidole vikigusa chini basi kina kimetosha. Wazungu walikuwa wamempa rula ya chuma, akaitumia kukorogea chokaa. Mtini hutoa mizizi kwenye vifundo vya shina, na ukiacha kufukia vifundo viwili vya chini umepanda fimbo.

Mnamo Septemba mwaka wa sitini na nne, waasi wakiwa na mwezi mmoja mjini, mkubwa wao aliamuru mitini sitini ya kivuli ipandwe kando ya barabara ya Simi-Simi. Udongo wa pale ulikuwa laini kupita kiasi, na mji mzima ulijua kwa nini. Abdulhamid, mtoto pekee wa Amuri, karani, alikuwa amechukuliwa Agosti kwa kosa la kuvaa tai. Hakuna aliyesema amepelekwa wapi. Nyumbani sanda ya marekani ilikuwa kabatini, imekunjwa pamoja na kafuri. Amuri hakutaka kisasi wala maelezo. Alitaka maiti ya mwanawe aioshe, aielekeze kibla, basi.

Katika shimo la kwanza, alipoingiza mkono kupima, mtu aliupokea huko chini akamsalimia. Ulikuwa mkono mpana wenye sugu za fundi viatu. Amuri alimwitikia, akamwomba radhi, akapanda mti. Shimo la pili lilikuwa na mkono wa mwanamke. Katika la saba aliutambua mkono wa mwalimu Faustin, akaenda sokoni kumwambia mkewe Germaine, aliyekuwa akiuza chikwangue, mikate ya muhogo.

“Mama Germaine, bwana yako iko mu shimo ya saba.”

“Uko na hakika, Papa Amuri?”

“Chaki iko mu kucha. Na anakaza sana, vile alikuwa anasalimia wazazi pa masomo.”

“Bon,” alisema Germaine. Alifunika beseni lake, akachukua maji na kitambaa, akaenda kuusafisha mkono huo.

Baada ya wiki moja wanawake walikuwa wanapanga foleni barabarani kungojea mikono ya watu wao. Mlinzi wa waasi alikasirishwa na wale walioruka zamu, akawapanga upya. Amuri alifika shimo la arobaini na moja bila kumpata Abdulhamid. Kila alipokutana na mkono mgeni alimshukuru Mungu, kisha akaona haya, kwani mgeni naye alikuwa na baba.

Ndipo mkubwa wa waasi akaja kuangalia foleni.

“Muzee, mutini unaomba kwenda chini kiasi gani?”

“Mukono muzima, chef. Mupaka pa kiwiko.”

“Kuanzia leo ni shibiri moja. Ile ya chini si kazi yako.”

Amuri alipiga magoti. “Chef, zimebakia kumi na tisa tu. Niache nipime, halafu nitafukia.”

“Shibiri moja. C'est tout.”

Amuri alilia pale pale mbele ya watu, mtu mzima mwenye mvi, na hakujali. Mitini kumi na tisa ya mwisho aliipanda kwa kina cha shibiri, vidole vyake vikigota kwenye udongo ambao haukumjibu. Mvua ya Oktoba iliiangusha yote. Akaamriwa aisimamishe tena, kwa kina kile kile.

Novemba ndege zilitua, jeshi la serikali likarudi, waasi wakakimbilia msituni. Amuri alivaa kanzu safi akamwendea mkubwa mpya kuomba ruhusa ya kuchimba mpaka kiwiko. Huyu alimsikiliza kwa adabu. Alikwenda naye hadi barabarani, akaagiza shimo moja liongezwe kina, akalala kifudifudi na sare yake iliyopigwa pasi, akaingiza mkono, akasalimiwa. Aliinuka akajikung'uta vumbi.

“Nani alisema shibiri moja?”

“Wale walikimbia, chef.”

“Kwa ile, walikuwa na akili.”

Aliiandika upya amri ile ile kwa jina lake. Akaongeza safu ya pili ya mitini, ng'ambo ya barabara, ambako udongo ulikuwa umelainika wiki ile ile.

Germaine alikuja kumshikia Amuri miche. Katika shimo la kwanza la safu hiyo mpya, kabla hata shibiri haijatimia, mkono ulimpokea. Ulikuwa bado na joto. Kidole cha mwisho kilikuwa kimepinda, pale kilipovunjwa na mnyororo wa baiskeli mwaka wa hamsini na tatu.

“Ni yeye?” aliuliza Germaine.

“Ni yeye.”

Askari aliyesimama karibu hakuona sababu ya kuficha. “Wale tuliwakuta mu bureau ya waasi kule Makiso. Walikuwa wanaandika barua zao. Donc, tuliwamaliza.”

“Walimulazimisha aandike,” alisema Amuri.

“Pengine,” alisema askari.

Kumbe tangu Septemba Amuri alikuwa akimtafuta mwanawe katika mashimo, naye alikuwa hai Makiso, mwendo wa saa moja kwa miguu. Aliomba amtoe akamwoshe. Askari alimjibu kwamba pale ni mahali pa mti wa serikali, hapafukuliwi.

Germaine alimwaga maji kidogo shimoni, akaupangusa ule mkono kwa ncha ya kitenge. Mtoto aliyelelewa vizuri haachii mkono wa mkubwa kabla mkubwa hajaachia, na Abdulhamid alikuwa amelelewa vizuri. Kwa hiyo ilikuwa juu ya baba yake. Amuri alibaki amelala barabarani asubuhi nzima, watu wa baiskeli wakimpisha. Aliachia mchana, lori lilipoleta miche mingine mia mbili.