Saini za Daktari Stanislas

Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Mimi nilikuwa nimeinamia hadubini ya kituo chetu cha afya pale Mususa miaka sita ya vita, mgongo unaniuma, na cha mvunguni sijakiona. Umeme hatukuwa nao. Nilinasa mwanga wa jua kwa kioo kidogo chini ya hadubini, nikatafuta malaria katika damu ya watu waliokimbia Kasugho.

Mwaka 2002 chuo kikuu kimoja cha ng'ambo ya mpaka kilitangaza nafasi moja ya masomo ya juu ya sayansi ya tiba. Walimu wake wangekuja Beni kupokea maombi. Diploma nilikuwa nayo. Ilibaki barua ya mapendekezo ya mkuu wangu wa kazi, Daktari Stanislas.

"Hapana," alisema bila kuinua kichwa. "Nikiandika, ni nani atabakia kusoma damu? Na weye, Emérence, mwanamuke wa miaka makumi tatu, unatafuta nini tena ku université? Tafuta bwana."

Hasira ilinipanda mpaka masikioni. Nikasema tu, "Aksanti, Docteur." Kesho yake alfajiri nikabeba rejista ya maabara, ile kubwa, nikapanda lori la Asumani kwenda Beni.

"Dada, ficha iyo kitabu," Asumani alinionya. "Basoda ba ku barrière bakiona majina mingi vile, batasema ni liste ya Mai-Mai."

Nikaikalia. Pale kizuizini askari, aliyekuwa akiwasaka wanamgambo hao, akapekua mfuko wangu, akachukua sabuni, akatuachia njia.

Katika ukumbi wa parokia, profesa mwenye miwani akauliza barua iko wapi. Nikamfungulia rejista.

"Kila mwisho wa mwezi docteur anatia saini kwamba majibu yote ni ya kweli, na ni miye nilisoma. Saini ni makumi saba na mbili. Barua gani inapita hii?"

Alikuwa bado anafunua kurasa mlango ulipofunguliwa kwa kishindo. Stanislas! Alikuja kwa pikipiki, vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Mwizi!" alifoka mbele ya walimu wote. "Bagonjwa beko ku inje tangu asubui! Hapana mutu mwengine anaweza kusoma damu sawa yeye! Mimi nitafanya nini?"

Profesa akachukua kalamu. "Docteur, tafadhali, rudia hayo polepole, niandike."

Stanislas alitazama rejista, akanitazama mimi, akatazama mlango. Nilimwonea huruma, lakini kidogo sana.

"Usiogope," nikamwambia. "Joyeuse, ule anakufagilia bureau, nilimufundisha miaka mbili. Ufunguo ya labo iko naye. Anasoma muzuri sawa miye, lakini haukumuulizaka hata siku moja."

Profesa alimaliza kuandika, akamsogezea karatasi. Stanislas akatia saini. Ya sabini na tatu.