Eda ya Mama, Kibali cha Baba

Siku yule dada wa uhamiaji aliponiambia "siku saba," mama yangu alikuwa katika siku ya themanini na tatu hajavuka kizingiti cha mlango wa mbele. Alikuwa chumbani, kavaa nguo nyeupe, hana wanja wala udi, kakaa juu ya godoro lililoshushwa chini, anamkalia eda baba yangu. Mimi nilisimama dirishani pa ofisi na bahasha ya kaki mkononi, nikizihesabu siku saba tena na tena, kama mtu anayedhani akihesabu vizuri zitaongezeka.

Nikamuuliza, siku saba za nini. Akanijibu bila ukali: za mama yako kuondoka nchini.

Mama yangu, Kholood, kazaliwa Sur, Omani. Baba yangu Mahmoud, mtu wa Bagamoyo ambaye babu zake walitoka huko huko Sur, alimfuata akamwoa, akamleta akiwa binti wa miaka kumi na tisa. Miaka thelathini na nne kaishi nyumba ileile, nyuma ya duka letu la vitambaa. Uraia hakuchukua. Mama yake mzazi alipokuwa hai, yeye aliona kuisalimisha pasipoti ya kwao ni kama kumkana mzazi, na mama yake alipokufa hakuna aliyelikumbuka tena jambo hilo. Basi akaishi kwa kibali cha ukaazi, na kibali chenyewe kilisimama juu ya jina la mumewe. Kila baada ya miaka miwili baba alivaa kofia yake ya kiua, akachukua bahasha, akaenda kukihuisha, na siku hiyo alirudi na halua. Mama hakuijua hata rangi ya kadi yake ya mgeni mkaazi. Ungemuuliza angekwambia, "Hayo ya baba Wahida." Sisi tuliona ndiyo mapenzi hayo, mke kutunzwa mpaka makaratasi yake.

Baba alikufa kwa presha mwezi wa Shaabani. Tulipoanua tanga nikaifungua ile bahasha, nikaona kibali kinakwisha siku ya arobaini na moja ya eda, na kukihuisha safari hii, kwa utaratibu mpya, lazima aende mwenyewe, apigwe picha, aweke vidole kwenye mashine. Nikampelekea Ami Saleh, mdogo wake baba, ambaye tangu msibani ndiye aliyekuwa akisema la kufanya na sisi tunafuata.

Ami Saleh ni mtu mwema, nisimpake matope. Lakini akikaa barazani na tasbihi yake, hata bahari huwezi kumwambia imejaa. Aliniuliza kama nataka mjane wa kaka yake akapange foleni na wanaume, afunue uso kwa ajili ya picha, ashikishwe vidole na watu asiowajua, baba hata udongo wake haujakauka. Mambo ya serikali yanangoja, akasema, ya Mungu hayangoji. Tutakwenda baada ya eda, na serikali nayo ina watu, nao wanafiwa.

Nikakubali. Nalisema hili waziwazi kwa sababu hakuna wa kunilazimisha: sikukubali kwa ajili ya dini. Hakuna aliyekwenda kumuuliza sheikh, na tungemuuliza angetujibu lile ambalo hata mtoto wa madrasa analijua, kwamba mjane hutoka mchana kwa haja yake akarudi kulala nyumbani kwake. Tulilijua. Lakini mtaani kwetu eda huchungwa na majirani kuliko anayeikaa. Bi Sihaba wa nyumba ya mkabala aliwahi kutoka edani kwenda kung'oa jino, na miaka kumi na moja baadaye jino lile bado lilisimuliwa arusini. Mimi nilitaka eda ya baba yangu isifiwe. Ilikuwa ni hivyo tu, aibu kavu.

Siku ya thelathini mama aliniita. Aliniuliza ile kadi yake, aliyokuwa akiishughulikia marehemu, inakwisha lini. Nikamwambia bado, mama, usijitaabishe. Akaitikia "haya, mwanangu," akarudi kwenye uradi wake. Nikatoka nimeridhika na nafsi yangu, najiona mtoto mwenye huruma.

Siku ya arobaini na moja ikapita kama siku nyingine, hakuna aliyegonga mlango. Nikaanza kuamini kwamba Ami Saleh alisema kweli. Ila usingizi ukanipaa. Wiki baada ya wiki bahasha ile ilikaa chini ya mto wangu, mpaka siku ya themanini na tatu nikabeba uoga wangu nikaenda peke yangu.

Yule dada alizisoma karatasi zote, moja moja. Akanieleza kwamba aliyefiwa na mdhamini wake alipaswa kutoa taarifa mapema, naye angepewa njia nyingine. Sasa muda umepita siku arobaini na mbili, atoke, aombe upya akiwa nje. Nikamweleza eda. Akaweka kalamu chini. Na yeye kichwani alikuwa na mtandio.

"Mbona hamkuja kusema?" akaniuliza. "Kuna mgonjwa kule Kiwangwa tulimfuata na mashine mpaka kitandani. Mama yako ningemfuata mimi, mwanamke mwenzake, chumbani kwake."

Siku zile saba tulikimbia kama kuku aliyekatwa kichwa. Ami Saleh alivaa joho lake, akakaa kwenye benchi la ofisi ile tangu asubuhi mpaka wanafunga, na kesho yake akarudi. Tukapata barua ya sheikh. Tukaenda Dar kwa wakili, akatusikiliza mpaka mwisho, akasema linawezekana kabisa, tungekuja mwezi uliopita. Njiani kurudi Ami Saleh alivuta tasbihi yake tangu Bunju mpaka Bagamoyo. Mimi nilikuwa naomba dua ambayo mpaka leo naiombea msamaha: nilimwomba Mungu mama yangu ashikwe na homa, homa kali, asiweze kupanda ndege.

Na yeye mwenyewe nilikuwa bado sijamwambia. Nilimwambia siku ya themanini na tano. Alikuwa na ungo mapajani anachambua choroko. Aliendelea kuchambua nilipokuwa nasema, mpaka nikamaliza.

"Ulijua lini?"

"Tulipoanua tanga, mama."

"Na nilipokuuliza?"

"Nilijua."

Akaushusha ungo sakafuni. "Eda ni yangu, Wahida. Mimi ndiye niliyefiwa na mume. Mngeniuliza, ningevaa baibui langu nikaenda."

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza.

Ikabidi aende ofisini kugongewa muhuri wa kuondoka. Tulitoka nyumbani saa tatu asubuhi, saa tano na nusu tulikuwa tumerudi. Alipigwa picha, akaweka vidole, yule dada akampa kiti na maji. Mtaani hakuna aliyenong'ona. Bi Sihaba alitutokea mlangoni kwake na mwavuli, akampa mama, jua lisimchome.

Nilimpeleka uwanja wa ndege siku ya tisini. Mimi sikuwa na pasipoti ya kumsindikiza, na ndugu mwingine sina. Huko Sur angepokelewa na Muadh, mtoto wa marehemu kaka yake, ambaye hajapata kumwona, na ambaye kwenye simu hakumwelewa vizuri, maana Kiarabu cha mama kimeota kutu na hutia "alaa" na "jamani" kila baada ya neno. Alipita mlango wa abiria na nguo zake nyeupe chini ya baibui, na begi moja.

Huu ni mwaka wa pili wa maombi. Kila mwezi nakwenda na bahasha, kila mwezi kuna karatasi inayokosekana, na yule dada akiniona hunivutia kiti kabla sijasalimu.

Eda ilipotimia miezi minne na siku kumi nilimpigia baada ya alfajiri. Hapa kwetu siku hiyo wanawake hukusanyika, wakamwogesha mjane, wakamvika kanga mpya, wakamfukiza udi. Bi Sihaba na wenzake walikuwa wameniuliza tangu juzi yake kama nimepata habari za mama. Simu iliita sana, kisha akapokea, akasema ameshatoka eda, alhamdulillahi.

Nikamuuliza nani amemwogesha.

"Nimejiogesha mwenyewe," akasema. "Huku hakuna aliyemjua babaako."