Salmonela wa Kufugwa

Msimulizi wa habari hii anaapa, mkono mmoja kifuani na mwingine kwenye kikombe cha chai, kwamba kila neno lililomo humu ni kweli tupu na halijatiwa chumvi hata punje. Na kwa kuwa wapo watu, hasa wa nyumbani kwake, wanaoguna akifungua tu mdomo, ameweka na dhamana: akikutwa na uongo mmoja, mmoja tu, ataosha masufuria ya kantini mwezi mzima, yale makubwa, bila glavu.

Haya. Palikuwa na taasisi ya utafiti wa vijidudu, na ndani yake wapishi wawili, mume na mke. Mke alipikia watu. Mume alipikia bakteria.

Mke, aliyeitwa na wote Mpishi Mkubwa, alishika kantini ya nyuma ya jengo kwa miaka kumi na tisa. Siku moja harufu ya wali wake ilifika njia panda, na trafiki aliyekuwa akiongoza magari akaacha kazi akaifuata pua yake. Magari yakajiongoza yenyewe saa nzima bila kugusana. Mume, Mpishi Mdogo, alikaa ghorofa ya pili na jiko lake la mvuke, akichemsha jeli ya kuoteshea bakteria. Unga, maji, joto la kutosha, kisha anamimina kwenye visahani vya plastiki vyenye vifuniko, jeli inaganda. Hakusomea popote. Aliajiriwa kufagia, akatazama, akauliza mpaka akachosha watu, na mwaka wa thelathini na mmoja maprofesa ndio waliokuwa wakipanda ngazi kumwuliza kwa nini jeli yao inatoa mapovu. Ilijulikana kwamba bakteria wake wakihamishiwa maabara nyingine waligoma kula.

Na palikuwa na mkwe wao, mke wa mwana wao mkubwa, mtaalamu wa vijidudu vya chakula. Huyo alizunguka sokoni, machinjioni na kwenye makopo ya wauza maziwa, akikusanya viumbe visivyoonekana ambavyo bara zima linaishi navyo na hakuna aliyewahi kuvipa hata namba. Nyumbani alimnawisha mama mkwe wake mikono kwa adabu zote. Kazini akivaa koti jeupe alikuwa hamjui mtu.

Sasa, Alhamisi moja walitarajiwa wageni arobaini, watafiti wa magonjwa ya chakula kutoka kila pembe ya bara. Bosi wa taasisi akaamuru kantini ipimwe kabla.

"Tukiwaharisha wataalamu wa kuhara," alisema, "tutakwenda kujificha wapi?"

Mkwe akachukua kipande cha kuku, saladi, na pamba iliyopitishwa juu ya ubao wa kukatia nyama. Kila kimoja kikapandwa kwenye kisahani chake. Pembeni kikawekwa kisahani cha nne, cha yule waliyemwita Mfugo. Mfugo alikuwa salmonela halisi, bakteria anayeharisha watu, anayetunzwa kwenye friji ya maabara kwa kazi hiyo tu. Lazima aote, na akiota hutoa madoa yenye kiini cheusi kama mboni ya jicho. Akikataa kuota, maana yake jeli au kabati la joto lina walakini.

Jumanne asubuhi mkwe alishuka kantini na karatasi.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, mwanangu. Mbona na koti la kazini? Nilishakwambia hilo haliingii jikoni kwangu."

"Leo limekuja kikazi. Kuku ni safi, saladi ni safi. Ubao una salmonela. Inabidi jiko lifungwe."

Mpishi Mkubwa aliweka mwiko chini. "Ubao ule naumwagia maji ya moto kila nikimaliza kuku. Umeniona kwa macho yako."

"Nimekuona."

"Sasa karatasi ya nini?"

"Macho yangu ni ya nyumbani, Mama. Karatasi inasema kilichoota kwenye kisahani. Kijidudu hakina mama mkwe."

Wafanyakazi wa kantini wakaangalia sakafu. Mpishi Mkubwa alivua aproni, akaikunja mara nne, akaiweka mezani, na juu yake akaweka ufunguo. "Miaka kumi na tisa sijamlaza mtu hospitali," alisema, akatoka. Kabla ya saa nne habari zilishaenea: Bosi amempigia simu mpishi wa nje, na huyo akiwalisha wageni vizuri Alhamisi, kantini ni yake moja kwa moja.

Mpishi Mdogo aliletewa nakala ya ile karatasi akiwa mbele ya jiko lake la mvuke. Jina la jiko la mkewe likamchoma. Kisha akafika mstari wa mwisho, na huo ukamchoma upya: *Kisahani cha Mfugo hakikuotesha kitu. Huenda jeli ina kasoro. Kipimo kirudiwe, siku tano.*

Jeli ina kasoro. Aliusoma mara tatu, akavua miwani akaifuta, akausoma tena. Kisha akatulia, maana kuna kitu kilikuwa hakikai sawa, na mtu aliyepika sufuria elfu kumi na mbili hujua sufuria isiyokaa sawa. Akashuka na karatasi mkononi, bila haraka, kama mtu anayekwenda kuchukua kitu chake.

"Mwanangu," alimwambia mkwe wake, "sikuja kama baba mkwe."

"Nashukuru, Baba. Nilikuwa najiandaa kukufukuza kwa heshima."

"Nimekuja kama mpishi. Umeandika jeli yangu ina kasoro."

"Nimeandika huenda."

"Kisahani cha ubao umemimina jeli ya sufuria gani?"

"Ya Jumatatu iliyopita."

"Na cha Mfugo?"

"Hiyohiyo."

"Sufuria moja, kabati moja, rafu moja. Huyu wa ubao ameshiba mpaka ametoa macho, na huyu wetu wa kufugwa amekufa njaa. Umewahi kuona mezani kwa mama yako mtu anakufa njaa huku jirani yake amevimbiwa?"

Mkwe aliweka kalamu chini. "Huenda Mfugo amezeekea kwenye friji."

"Huenda. Na huenda amekalia kiti cha mwenzake."

Wakavitoa visahani. Sheria ya kazi hiyo kila mtu wa maabara anaijua hata akiwa usingizini: alama huandikwa kwenye kitako cha kisahani, palipo na jeli, kwa kuwa kifuniko huhama. Mkwe akavigeuza kimoja kimoja. Vitako vyote vilikuwa vitupu. Maandishi yalikuwa kwenye vifuniko, kwa herufi kubwa za mtu mwenye macho mabovu. Mkwe alizitazama zile herufi, kisha akamtazama baba mkwe wake.

Vifuniko vilihamaje? Msimulizi anajua. Katika chumba kile mlikuwa na feni ya dari, kali ajabu, ambayo asubuhi ile ilikohoa mara mbili, ikavuta vifuniko juu vikazunguka kama njiwa, kisha ikavitua taratibu, kila kimoja juu ya kisahani kisicho chake. Mambo hayo hutokea.

"Hii bado ni dhana, Baba," mkwe alisema. "Siwezi kufungua jiko kwa dhana."

"Ndiyo maana nimekuja na mikono. Mfugo wetu si alizoeshwa dawa?"

Mkwe akaanza kutabasamu, kwa mara ya kwanza siku ile. Kweli, miaka mingi nyuma Mfugo alizoeshwa dawa fulani makusudi, ili popote atakapotoroka ajulikane, kama mbwa aliyevishwa kola. Salmonela wa mitaani akiwekwa kwenye jeli yenye dawa ile, hufa. Mfugo hula akashukuru.

Mpishi Mdogo alipanda ngazi mbili mbili. Akapima unga kwa mizani, akachemsha, akasubiri ipoe mpaka sufuria ishikike kwa kiganja, akatia dawa tone kwa tone. Hakuna profesa aliyewahi kuona jeli imelala hivyo. Ilikuwa angavu kiasi kwamba ukiitazama ulijiona ulivyokuwa kijana. Mkwe akachukua ncha ya sindano, akagusa jicho moja jeusi kwenye kisahani kilichoitwa cha ubao, akapanda. Safari hii akaandika kitakoni, mwenyewe, na kumwonyesha mzee kabla ya kufunga kabati la joto.

Jumatano asubuhi wakafungua wakiwa watatu, Bosi naye amesimama na koti la kuazima. Kisahani kilikuwa kimejaa macho meusi, yamenona.

"Huyu ni wetu," mkwe alisema. "Hajawahi kukanyaga kantini. Vifuniko vilibadilishana. Kisahani kisicho na kitu ndicho cha ubao, na ubao ni safi."

"Na kosa ni la nani?" Bosi aliuliza.

Mpishi Mdogo akaanza kukohoa. Mkwe alishachukua kalamu. Akaandika: *Kosa la kuweka alama. Nawajibika mimi.* Akatia sahihi, akauchukua ufunguo wa jiko uliokuwa umeletwa mezani kwa Bosi, akaenda nao hadi nyumbani kwa Mpishi Mkubwa. Akaupokeza kwa mikono miwili, amepiga magoti, koti jeupe likiburuta sakafuni.

"Ulinifungia jiko," mama mkwe alisema.

"Nilikufungia. Na nikipata madoa tena nitakufungia tena."

Mpishi Mkubwa akauchukua ufunguo. "Vizuri," akasema. "Inuka basi, kuna kuku wa watu arobaini."

Alhamisi wageni walikula. Mtafiti mmoja aliyekuwa amesoma nyama iliyooza kwa miaka ishirini na kuapa kutogusa kitoweo maishani aliomba sahani ya tatu. Mwingine, mtu wa bakteria wa chemchemi za moto, alijaribu kuondoka na sufuria ndani ya begi. Hakuna aliyekimbilia chooni. Mpishi wa nje hakuitwa tena.

Hapo ndipo msimulizi alipoweka kalamu. Na kwa kuwa bila shaka mmeshamtambua kuwa ni Mpishi Mdogo mwenyewe, sasa mstaafu mwenye muda mwingi, ijulikane pia kwamba alizipeleka karatasi hizi kantini kifua mbele, ili mkwe wake amsomee mkewe kwa sauti. Mkwe akasoma vizuri, kwa madoido, mpaka pale penye feni.

"Baba. Chumba cha kupanda hakina feni."

"Kilikuwa nayo."

"Hakijawahi kuwa nayo. Feni inarusha vumbi kwenye visahani. Wewe mwenyewe ulimfukuza fundi aliyekuja kuifunga, ukamkimbiza mpaka getini na ufagio."

Mpishi Mkubwa akaacha kuchambua mchele. "Sasa nani alifunua?"

Mzee akatazama chai yake.

"Alama niliandika mimi, nikijidai kusaidia," alisema mwishowe. "Huyu aliujua mwandiko siku ileile, akanisitiri. Lakini Jumanne alfajiri nilifungua kabati kuwatazama wanavyoila jeli yangu. Nikafunua viwili, nikawa nasifia. Nikasikia unagonga sufuria kwamba chai iko tayari. Nikafunika nikakimbia."

"Ulikimbilia chai yangu."

"Chai yako, Mama Watoto."

"Na mtoto wa watu akaandika nawajibika mimi. Mwaka wa pili huu."

"Kesho nitakwenda kwa Bosi kumwambia."

"Utakwenda," alisema mkewe. "Leo una kazi."

Akachukua aproni iliyokunjwa mara nne, akamtupia. Mkwe akamburutia sufuria kubwa kuliko zote hadi kwenye sinki. Kisha akatoa mfukoni kalamu ya maabara, akaigeuza sufuria, akaandika chini yake: *Siku ya kwanza.*

"Kitakoni, Baba," alisema. "Isije ikahama."

Mzee akakunja mikono ya shati. Maji yalikuwa ya moto. Sufuria ile, anaapa, ilikuwa na kina cha kisima, na ndani yake mwangwi ulirudi baada ya dakika tatu.

"Endelea kuapa," Mpishi Mkubwa alisema nyuma yake. "Tutafika miezi miwili."