Mzee wa Mtaa, Chifu na Mheshimiwa

Jumatatu asubuhi Chepngeno alikuwa akichuma maharagwe katikati ya mahindi yake, kwenye mteremko juu ya Cheptais, mzee wa mtaa alipomletea karatasi. Ahame kabla ya Jumamosi. Mzee wa mtaa alikuwa mtu mfupi, mwenye kovu kidevuni na sweta ya kijani.

"Hii ni nini sasa, mzee?"

"Ni ilani, mama. Mimi si nimetumwa tu. Uliza chifu."

Mahindi yalibakiza wiki tatu kukauka. Mumewe, Kipkorir, alikuwa amezikwa karibu na lango, mwaka wa pili huu. Chepngeno akanawa mikono, akateremka hadi kambini kwa chifu.

Chifu alikuwa mtu yule yule, na kovu lake, ila sasa alivaa kofia ya kaki. Alimwamkia kama mgeni, akamuuliza jina.

"Nimekuja juu ya ile ilani umeniletea asubuhi."

"Ilani ni ya mzee wa mtaa. Ikifika kwangu ni amri, na amri haitoki kwangu. Enda Bungoma."

Jumatano alikaa kwenye benchi la ofisi moja ya Bungoma hadi saa nane. Alipoingizwa ndani, karani alimnong'oneza kwamba aliyeketi mezani huitwa Mheshimiwa. Alikuwa mtu yule yule ndani ya suti, ndevu zimenyolewa vizuri pembeni mwa kovu.

"Amri ni mambo ya chifu," alisema. "Hii ni sheria, mama."

"Na sheria ni ya nani?"

"Ni ya kila mtu."

Hakulia mle ndani. Alilia karibu na reli, wenye baiskeli wakimkwepa.

Ijumaa binti yake Vivian alifika kutoka Kitale na magunia matupu. Walivunja mahindi mabichi mpaka vidole vikachubuka, na bado hawakumaliza hata robo.

Jumamosi walikuja wote watatu: mzee wa mtaa kwa miguu, chifu kwa pikipiki, Mheshimiwa ndani ya gari, trekta nyuma yake. Walisalimiana kwa adabu, kila mmoja akimtaja mwenzake kwa cheo.

"Mama, si hawa wote ni mtu mmoja?" Vivian alisema.

"Ni yeye. Wasalimie."

Vivian akawasalimia, mmoja mmoja.

Chepngeno alipiga magoti kwenye umande. "Naomba wiki tatu tu. Na nimtoe baba ya huyu pale chini. Nani kati yenu anaweza kukubali?"

Walijitenga kando, wakashauriana kwa muda mrefu, kwa sauti moja. Waliporudi walisema wamechunguza, na kati yao hapakuwa na mwenye uwezo huo.

Trekta ilianza na kaburi kwa sababu ndilo lililokuwa karibu na lango. Chepngeno aliwahi kuung'oa msalaba kabla haijaufikia.

Baadaye walipanga foleni kumpa mkono wa pole, wa cheo cha chini akitangulia. Mkono ulikuwa mmoja, wa vuguvugu, na kucha zilizokatwa.

"Asante, mzee," Chepngeno alisema. "Asante, chifu. Asante, Mheshimiwa."