Tingatinga na Hodi ya Tatu

Jana mchana, nimeshiba ugali na dagaa, usingizi ulinipitia kitini, nikaota niko vitani tena, juu ya tingatinga langu. Sikuwa askari mimi, nilikuwa dereva wa kutengeneza barabara. Jeshi lilituchukua na mashine zetu tukavipasulie njia vifaru.

Kapteni Ngaiza amekaa juu ya bamba la mbele, anakunywa chai.

"Jeshini hakuna kurudi nyuma," anasema. Fundi anang'oa gia ya kurudi nyuma, anaitia mfukoni. Nami, mjinga, natia saini kwamba nimekubali.

Mbele yetu kuna nyumba ya udongo iliyopakwa chokaa. Mlangoni pamebandikwa karatasi ya jeshi: TUPU. Nyumba hiyo naijua. Miaka arobaini na ushei sijaisahau.

Kabla ya kubomoa nyumba yoyote nilikuwa nashuka, nagonga mlango kwa spana, napiga hodi tatu. Wenzangu walinicheka. Kwa hii nilipiga mbili tu. Kapteni alikuwa anafoka, nikajiambia, aa, si wamesema ni tupu?

"Mbili," tingatinga linasema. "Nilihesabu."

"Kumbe unaongea?"

"Hukuwahi kuniuliza kitu."

Minyororo inaanza kusonga yenyewe. Dirishani naona bibi kizee anachambua mchele kwenye ungo. Lahaula!

"Bibi, toka nje!"

"Nitatokaje, mjukuu wangu, na karatasi inasema simo?"

Nakanyaga breki. Breki imegeuka mwiko wa kusongea ugali. Ukuta unapasuka, chokaa inanimwagikia usoni.

"Mbele, dereva," Kapteni anasema, anapuliza chai yake.

"Siku ile nilikusikia," bibi anasema, anatoa jiwe kwenye mchele. "Ulipiga mbili. Nikafunga kanga vizuri, nikangoja ya tatu niitike."

Nikapiga kelele kwa nguvu zangu zote: "Hodiii!"

"Karibu," akaitika, taratibu kabisa.

Nikazinduka kitini. Mke wangu, Mama Adela, alikuwa amesimama mlangoni, ameshika sufuria, macho yamemtoka.

"Baba Adela," akasema, "miaka yote unapiga hodi mbili usingizini, nimeshazoea. Leo umepiga ya tatu. Sasa niambie, yule bibi aliyekuitikia ni nani?"