Mwaka Mmoja Uliobaki

Watu walimwita Baridi kwa sababu alitengeneza mafriji. Biashara ilipomfika shingoni, mahakama ikamtangaza amefilisika, vifaa vyake vikauzwa, wadai wakagawana. Miezi ikapita, akapewa barua kwamba madeni yake yamefutwa. Usiku huo alilala kama mtoto.

Wiki haijaisha, ofisi ya kodi nayo ikamwandikia: anadaiwa kodi ya mapato ya miaka mitatu.

Alizisoma barua zote mbili mpaka macho yakamuuma. Hakujua ashike ipi aache ipi. Asubuhi akazibeba kwenda ofisi ya kodi.

Karani, msichana mwenye miwani, alizipitia taratibu. "Mzee, miaka miwili imefutwa kweli. Sisi ndio tulichelewa kurekebisha. Umebaki mmoja."

"Kwa nini mmoja, binti yangu? Mimi nilifilisika mara moja tu."

"Ile miwili ni ya zamani na ritani, ile fomu ya mapato ya mwaka, ulileta. Huu wa tatu hukuleta, kwa hiyo mahakama haikuugusa. Tulikukadiria wenyewe."

Baridi akaitikia kwa kichwa, ila akilini hakikuingia kitu. Akapitia kwa wakili wake, naye akamweleza yale yale kwa maneno marefu zaidi. Alifika nyumbani akiwa hajui kama amesaidiwa au amekemewa.

Mkewe alikuwa anakunja nguo alipomsimulia. "Mwaka gani huo?"

Akamtajia.

"Si ndio mwaka ulipokuwa ukimuuguza mama, Baba Mapacha? Karakana ulifungua miezi mingapi?"

Baridi akahesabu kwa vidole. "Minne. Labda mitano."

"Na wao wamekukadiria mwaka mzima."

Walipekua masanduku siku mbili, wakakusanya vitabu vya risiti, wakajaza ritani, wakaipeleka pamoja ofisi ya kodi. Karani alipoingiza hesabu, deni likashuka hadi chini ya robo. Akampa fomu ya kulipa kidogo kidogo kwa miezi kumi.

"Kwa hiyo nimesamehewa?" Baridi akauliza.

"Hapana, mzee. Limepungua tu."

"Lakini si nilifilisika?"

"Ulifilisika, ndiyo."

Alimtazama mkewe, mkewe akamsogezea kalamu. Akatia saini. Walipokuwa wakishuka ngazi akamuuliza kama yeye ameelewa.

"Nusu," mkewe akasema. "Nusu nyingine tutaielewa tukishalipa."